Friji haiufanyi mkate ubaki laini
Wengi tumelelewa tukiambiwa mkate ukiwekwa kwenye friji hukaa laini. Friji huchelewesha ukungu, hilo kweli, lakini mkate hukakamaa upesi kuliko ukiachwa mezani. Wanga uliolainika ndani ya oveni hujipanga upya na kuwa mgumu, na ubaridi wa friji huharakisha kazi hiyo. Si kukauka tu: mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kuwa mkate hukakamaa hata usipopoteza maji, na ukipashwa moto hulainika tena. Chukua kipande cha jana, kinyunyizie maji kidogo, kifunike kwenye kikaango chenye moto mdogo. Utakibonyeza na kitainuka. Mkate wa kula leo na kesho, ukishapoa kabisa, ufunge uweke kabatini. Unaobaki ukate vipande, ugandishe kwenye friza.