Je, kucha huhitaji kupumzishwa ili zipumue?

Kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, wengi wanaojipaka rangi nyumbani huamini kwamba kucha zisipoachwa wazi wiki moja hukosa hewa na kudhoofika.

Ukucha unaoonekana ni keratini (protini ngumu) iliyokufa, haupumui. Chakula na oksijeni hufika kwenye shina lake, chini ya ngozi, kwa njia ya damu. Unaweza kupima: kwaruza alama ndogo kwa tupa karibu na ngozi, kwenye ukucha uliopakwa na usiopakwa wa vidole vya kati vya mikono yote miwili. Baada ya mwezi, alama zote zitakuwa zimesogea takriban milimita 3.

Imani hii haikuzuka bure, kwani madoa meupe baada ya kutoa rangi yapo kweli. Yanaweza kutokana na kubandua rangi ya jeli kwa meno au kisu, kunakong'oa tabaka za juu za ukucha. Ili kuitoa jeli bila kubandua, loweka pamba kwa asetoni (dawa ya kutolea rangi), funga kwa karatasi ya foili dakika 10 hadi 15, kisha paka mafuta ya nazi. Umanjano nao huletwa na rangi iliyokolea iliyopakwa bila kutanguliza tabaka la chini lisilo na rangi. Ukucha ukiuma au kuachia nyama, hapo usipake; nenda zahanati.