Usilaumu Betri ya UPS Kabla ya Kupima Stima

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenye saiba, kliniki ndogo na watu wanaofanyia kazi nyumbani jijini Nairobi yanafanana sana: UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza stima inapopotea, hulia kila jioni, na betri huisha nguvu hata kabla ya mwaka kumalizika. Wengi huja wakiwa wameshaamua kwamba wameuziwa betri mbovu. Mara nyingi tunapochunguza, tunakuta kwamba kifaa kimepangiwa mipaka ya volti, yaani kiwango cha chini na cha juu kinachokubali kutoka ukutani, isiyolingana na stima inayofika mahali kilipo, kwa hivyo hukimbilia betri siku baada ya siku, ilhali stima haijapotea.

Stima ya matumizi ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240 na hezi 50, na majengo yenye fezi tatu hupata volti 415 kati ya fezi moja na nyingine. UPS nyingi humruhusu mwenye kifaa kuchagua kiwango cha kutoa, kwa kawaida 220, 230 au 240. Panga 240, ingawa ukiikuta imepangwa 230 kutoka kiwandani haitakuharibia chochote. Ieleweke, hata hivyo, kwamba namba kubwa haikuongezei nguvu wala namba ndogo haikuwekei akiba, kwa sababu muda wa betri hutegemea wati zinazotumika pamoja na ukubwa na umri wa betri yenyewe.

Wapo pia wanaopima soketi ya UPS, wakaona 214 ilhali wamepanga 240, kisha wakadai kwamba kifaa ni bandia. UPS za kawaida za ofisini hupitisha stima ya ukutani jinsi ilivyo, mradi iko ndani ya mipaka, na huzalisha kiwango ulichokipanga pale tu zinapotumia betri. Ni zile za bei ya juu, ambazo huigeuza stima yote kuwa umeme wa aina ya betri kisha kuiunda upya, zinazotoa 240 wakati wote.

Penye matatizo hasa ni mipaka ya volti inayoingia. Chukua nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, ambapo volti hushuka hadi 200 kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wengi wanapopika na kupiga pasi. Ikiwa mpaka wa chini umewekwa 208 na kifaa hakina uwezo wa kuinua volti, kitahamia kwenye betri jioni zote hizo. Betri ya madini ya risasi iliyozibwa, aina inayotumika kwenye UPS nyingi, ambayo ikitunzwa vyema hudumu miaka mitatu hadi mitano, haiwezi kustahimili matumizi ya namna hiyo. Kifaa chenye uwezo wa kuinua volti kwa takriban asilimia 12 kingeigeuza 200 kuwa 224 bila kuigusa betri, ikiwa tu mpaka umeruhusu.

Kabla ya kuubadilisha mpaka, pima volti asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku kadhaa, uandike tarehe, saa na kipimo. Kisha soma kibandiko cha kila kifaa kitakachochomekwa kwenye UPS. Kompyuta iliyoandikwa 100 hadi 240 itavumilia stima hafifu. Iliyoandikwa 220 hadi 240 haikuahidi hivyo, na chombo dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua mpaka wa chini. Zima vifaa vyote kabla ya kubadilisha volti ya kutoa, kwa kuwa aina nyingi hukataa mabadiliko hayo zikiwa na mzigo.

Mpaka wa juu ni jambo jingine kabisa. Mtu anayeona 265 kisha akapandisha mpaka ili kelele zikome anahatarisha maisha. Katika jengo la fezi tatu, waya wa nyutro, ule wa kurudishia stima ambao fezi zote hushiriki, ukikatika au kulegea, baadhi ya nyumba hupata volti chache mno na nyingine hupata nyingi kupita kiasi, na UPS inayolia wakati huo inatekeleza kazi yake. Zima swichi kuu na upige ripoti.

Kuhusu mitumba kutoka Marekani, UPS ya volti 120 haifai kuchomekwa kwenye soketi zetu. Kuitangulizia transfoma ya kupunguza volti hakutoshi, kwani transfoma haibadilishi hezi 50 kuwa 60, na kifaa kinaweza kuikataa stima hiyo na kubaki kwenye betri hadi iishe. Kompyuta nyingine za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la waya, yenye alama 115 na 230. Hakikisha inasomeka 230 kabla ya kuwasha.

Hitilafu ya laini au mita iripotiwe kwa Kenya Power kupitia nambari 97771, ukitaja nambari ya mita na vipimo ulivyoandika, na uhifadhi nambari ya ripoti utakayopewa. Usiporidhika na jibu, lalamiko hupelekwa kwa maandishi EPRA, ambayo ndiyo mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa mbele ya jopo lililoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Kazi ya nyaya za jengo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA peke yake. Omba kuiona, uangalie daraja lake na tarehe ya kuisha. Kuchezea mita au kuvunja lakiri yake ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili.