Pikipiki imegonga jiwe: kasoro ni ya nani?

Hakuna maneno ninayoyasikia gereji mara nyingi kama haya: "Fundi, nadhani kosa ni langu." Mtu analeta pikipiki ya safari ndefu, hizi za miguu mirefu, tangi kubwa na masanduku ya pembeni. Ananionyesha mahali oili inapovuja, na kabla sijainama kutazama ameshaniambia kwamba juzi aliingia shimoni kwa mwendo. Ameshajihukumu. Na kwa kuwa ameshajihukumu, hatamwandikia yeyote kuhusu alichokiona. Anataka spea, anataka kujua itakuwa tayari lini, arudi barabarani.

Ninaandika kwa ajili yake, kwa sababu hukumu hiyo mara nyingi haina msingi. Ukipitia kumbukumbu za wito wa marejesho, yaani pale kiwanda kinapotangaza kwamba pikipiki fulani zirudishwe zitengenezwe bila malipo, utakuta kasoro kadhaa kubwa zilizojitokeza kwanza kwa sura ya "kosa la mwendeshaji".

Tuchukue BMW R 1200 GS, iliyoingia sokoni mwaka 2004. Gurudumu lake la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, kama la gari, kwa bolti tano zinazoingia kwenye flanji, yaani kisahani kinachobeba gurudumu. Katika matoleo ya mwanzo flanji hiyo ilikuwa ya alumini, na kila bolti ilitakiwa kukazwa kwa nyutonimita 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Sasa mfikirie mtu aliyetoka kwenye ile iliyotangulia, R 1150 GS, yenye bolti nne zinazokazwa kwa nyutonimita 105. Mkono umeshazoea. Tairi limetoboka mbali na gereji, hana spana ya kupimia nguvu, anakaza mpaka moyo wake uridhike. Siku hiyo flanji haisemi kitu. Ufa unaanzia kwenye tundu la bolti, mwembamba kama unywele, na unatambaa taratibu kila gurudumu linapopiga tuta.

Mwaka 2015 BMW ilitangaza wito wa marejesho juu ya flanji hiyo. Kwa Marekani peke yake zilihusika pikipiki 43,426 za aina kadhaa zilizokuwa zikitumia muundo huo. Maelezo rasmi yalisema flanji inaweza kupasuka iwapo bolti zimekazwa kupita kiasi, na dawa ikawa kuiondoa ile ya alumini na kuweka ya chuma. Sababu iliyoandikwa ni mkono wa binadamu, lakini gharama ilibebwa na kiwanda. Sioni hapo huruma yoyote kwa mteja. Gurudumu la pikipiki inayouzwa kwa ajili ya safari za porini litafunguliwa porini, na litakazwa na mtu aliyechoka, kwa spana yoyote aliyonayo. Kipande kinachoshikilia gurudumu lazima kilivumilie hilo.

Miaka miwili baadaye ikaja habari ya mbele. R 1200 GS haina foki ya kawaida. Kuna mkono unaotoka kwenye injini na shokapu moja katikati, mfumo unaoitwa Telelever, kwa hiyo mabomba mawili ya mbele hayana springi ndani yake. Kazi yake ni kuongoza gurudumu na kuunganisha usukani. Mwaka 2017 BMW iliwaita wenye R 1200 GS na R 1200 GS Adventure zilizotengenezwa kuanzia Novemba 2013 hadi Juni 2017, takriban pikipiki 168,000 duniani kote, mabomba hayo yakaguliwe. Kizibo kilichoshindiliwa kwenye bomba kiliweza kulegea baada ya pigo kubwa, mfano kugonga kizuizi au kuanguka. Dalili ya mapema ilikuwa kuvuja oili. Mwisho wake, likiachwa, ni bomba kuachana na sehemu yake ya juu. Yaliyokutwa yameharibika yalibadilishwa, na yaliyo mazima yalivishwa kipande cha kuyaimarisha.

Mwanzoni jambo hilo lilitangazwa kama kampeni ya huduma, si kama wito wa marejesho, na maelezo yake yalikazia lile pigo: mwendeshaji amegonga kitu. Hoja hiyo ninaipinga kwa nguvu zote. Pikipiki inayotangazwa kwa picha za mito na miamba, ikipigwa na jiwe, imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Rimu ikipinda, sawa, huo ni mwili wake kuonyesha kwamba umeumia, na utauona. Kiungo cha usukani kinachoumia ndani kwa ndani na kuendelea kukubeba kana kwamba hakuna kitu ni jambo jingine kabisa.

Na hili halikuanza na pikipiki. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Marekani mjini Washington ilisikiliza shauri la magurudumu ya malori madogo ya General Motors. Magurudumu yalikuwa yakivunjika, na kampuni ikasema wenye magari waliyabebesha mzigo kupita kiasi, wengine wakiwa wamepachika vibanda vya kulala nyuma. Mahakama ilisema kasoro ipo pale vipande vinapoharibika kwa idadi ya maana katika matumizi ya kawaida, na katika matumizi hayo ya kawaida ikaingiza hata matumizi mabaya ambayo mtengenezaji angeweza kuyatarajia, pamoja na matunzo hafifu. Kilichoachwa nje ni matumizi mabaya yaliyopindukia, yasiyoweza kutarajiwa, na uchakavu wa kawaida. Kila ninapoambiwa "nilikaza sana" au "niligonga jiwe", naikumbuka hukumu hiyo. Swali la kujiuliza ni moja: aliyeichora pikipiki hii angeweza kulitarajia jambo hilo?

Kwa hiyo andika. Lakini andika vizuri, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapofia.

Nikupe mfano, wa pikipiki ambayo sitaitaja. Mwenyewe aliileta akisema inazima. Alikuwa ameshapita gereji tatu. Wawili walilaumu petroli, mmoja akambadilishia betri. Nikamwomba asinieleze chochote kuhusu hizo gereji, anieleze tu mara ya mwisho ilipozima. Akafikiri. "Nilikuwa nageuza, naingia kwenye lango." Geti liko upande gani? "Kushoto." Na mara iliyotangulia? Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Kwenye mzunguko. Kushoto pia."

Tuliiwasha, tukaiacha ipate moto mpaka feni ikaanza kuzunguka. Nikashika usukani nikaupeleka kulia mpaka mwisho: inanguruma. Nikaurudisha, nikaupeleka kushoto polepole. Ulipobaki upana wa kidole kufika mwisho, taa za dashibodi zikafifia, injini ikakata. Tukarudia mara nne, mara nne ikakata. Nikafungua mbele. Fungu la nyaya lilikuwa limefungwa kwa kamba ya plastiki mahali ambapo kila kona ya kushoto inalivuta na kulisugua kwenye fremu. Ganda la nje lilikuwa limeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ndani yake waya mmoja ulikuwa umebaki nyuzi tatu au nne za shaba.

Angeandika "pikipiki inazima ovyo", malalamiko yake yangezama kati ya mamia ya watu wenye petroli chafu. Tulikaa tukaandika hivi: kilomita 31,400, injini ikiwa ya moto, mwendo mdogo, usukani umegeuzwa kushoto karibu na mwisho, taa zinafifia kabla injini haijakata, waya umesugukia fremu chini ya kichwa cha usukani, kamba ya kufungia ni ya kiwandani, haijawahi kuguswa. Tukaambatanisha picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya pikipiki. Picha ya pili watu huisahau, na bila hiyo anayesoma hajui anatazama nini.

Kama kuna ulichofanya wewe, kiandike. Uligonga jiwe, sema uligonga jiwe, kwa mwendo gani, siku ngapi kabla. Kulificha kunaharibu kazi, kwa sababu mchunguzi anatafuta mazingira yanayojirudia. Watu kumi wakisema "oili ilivuja tu" hawamsaidii kama watatu wanaosema "oili ilianza kuvuja siku mbili baada ya kugonga". Na peleka kwenye mamlaka ya usalama wa magari ya nchi husika. Marekani ni NHTSA, ambayo malalamiko yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma. Ujerumani ni KBA. Uingereza ni DVSA. Kumwambia muuzaji peke yake hakutoshi.

Si kila kero ni suala la usalama, lakini. Kiti kigumu, skrini inayoganda, rangi inayobanduka: hayo dai kwenye dhamana. Usalama ni breki, usukani, gurudumu, mafuta yanayovuja karibu na moto, injini inayokata ukiwa katikati ya magari. Harufu ya petroli baada ya kuegesha usiipuuze hata siku moja. Kwenye hizo R 1200 GS za zamani flanji ya pampu ya mafuta (si ile ya gurudumu) nayo ilipata wito wake kwa sababu ya nyufa, na dalili ya kwanza mara nyingi ni pua yako.

Kuhusu takwimu, watu wengi wanazisoma vibaya. Pikipiki 168,000 zikiitwa, haina maana kwamba 168,000 zimeharibika. Hiyo ni idadi ya zilizo na muundo unaoshukiwa. Katika ripoti inayopelekwa NHTSA mtengenezaji hutakiwa pia kukadiria ni asilimia ngapi ya hizo zina kasoro yenyewe, na hapo ndipo mimi hutazama kwanza. Na aina yenye wito mwingi si lazima iwe mbovu kuliko isiyo na wito. Huenda inauzwa sana, au wenye nayo wanaandika. Ninachokiogopa zaidi ni pikipiki yenye malalamiko yanayofanana, kipande kilekile, kilomita zinazokaribiana, na kiwanda kimya.

Kwa anayenunua iliyotumika, kazi ni ndogo. Barua ya wito hutumwa kwa mwenye pikipiki aliyesajiliwa wakati huo. Akishauza, wewe hupati barua. Chukua namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, uiingize kwenye tovuti ya mamlaka au ya mtengenezaji. Ukiona I, O au Q, umeisoma vibaya, kwani herufi hizo hazitumiki. Ni 1 au 0. Tazama pia umri wake, kwa sababu kwa sheria ya Marekani haki ya kutengenezewa bure ni ya pikipiki iliyouzwa mara ya kwanza si zaidi ya miaka 15 kabla ya wito kutangazwa.

Muuzaji akikuambia "ilishafanyiwa", mwombe karatasi. Kwa ile flanji ya nyuma mimi hubeba sumaku ndogo mfukoni. Gurudumu likiwa limetolewa, nafuta flanji kwa kitambaa chenye petroli kidogo, napeleka sumaku. Ikidondoka, ile ni alumini bado, hata muuzaji akiapa. Ikinata, napitisha ukucha kuzunguka kila tundu la bolti hata hivyo, kisha naomba gereji ya wakala isome namba ya chasisi kwenye kompyuta yao huku nimesimama hapo hapo, wanitolee karatasi yenye tarehe kazi ilipofanyika.