Mbona upoze rubidiamu na potasiamu pamoja?

Wanafunzi hapa Kampala wananiuliza hivi: kama leza inapoza rubidiamu vizuri, yaani inapunguza mwendo wa atomi zake, potasiamu ya nini tena, si unajitafutia kazi tu? Kazi kweli ipo, banange. Kila atomi ina rangi yake, rubidiamu nanomita 780, potasiamu 767, lithiamu 671, na kila moja inataka frikwensi mbili, moja ya kupoza na nyingine ya kurudisha atomi zilizoangukia kiwango cha nishati ambacho leza ya kwanza haikioni, kwa hiyo ukiwa na aina tatu hiyo meza imejaa vioo na wewe unakesha ukivinyoosha. Lithiamu ndio msumbufu kabisa, mvuke wake ni haba mpaka uichemshe kwenye tanuri mamia ya digrii, halafu ndio uanze kuipunguza mwendo.

Leza peke yake inakufikisha kwenye mikrokelvini (milioni za digrii juu ya sifuri halisi) kadhaa au mamia, inategemea atomi. Kushuka zaidi ya hapo unavukiza, yaani unaziachia zile zenye moto zitoroke, zinazobaki zinagongana na kugawana joto upya, ni kama mtungi wa udongo unaotoa jasho na maji ya ndani yanapoa.

Sasa shida iko hapa. Potasiamu-40 ni fermioni, yaani chembe ambazo mbili haziwezi kushika hali moja mahali pamoja, na fermioni za hali moja zikishakuwa baridi sana hazigongani tena, kanuni ya mwanafizikia Pauli imekataza. Bila kugongana, uvukizi umekufa. Deborah Jin na Brian DeMarco kule Colorado 1999 walipenya kwa kuchanganya hali mbili za potasiamu hiyohiyo, akili sana ile, ila unamwaga potasiamu yako mwenyewe. Rubidiamu-87 ni bosoni, aina isiyo na katazo hilo, inagongana yenyewe na inagongana na potasiamu pia, basi unaivukiza hiyo na potasiamu inapoa humohumo kama soda uliyoitumbukiza mtungini. Rubidiamu inapungua, potasiamu inabaki karibu yote. Hiyo tu ndio sababu, sio maonyesho.

2006 kule Munich walinasa lithiamu-6, potasiamu-40 na rubidiamu-87 kwenye mtego mmoja wa leza na sumaku. Ukijaribu hivyo jihadhari na mawingu kupandana, maana atomi iliyosisimuliwa na leza ikigongana na ya aina nyingine zinapata mwendo wa kutoka mtegoni zote mbili. Dawa yake, wakati wa kupakia lisogeze wingu moja pembeni kidogo kwa mwali wa kusukuma, yakutane baadaye leza zikishazimwa.