Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Anza na Kiti

Mgonjwa akishapangiwa upasuaji wa kupunguza uzito, swali analokuja nalo kwangu, mtu wa fiziotherapia, ni karibu lile lile: "Nikimbie kilomita ngapi?" Namwambia habari za kukimbia tuziweke kando, atafute kiti.

Katika upasuaji unaofanywa zaidi, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo. Baada ya hapo unakula vijiko vichache, kilo zinashuka kwa kasi, na mwili hauyeyushi mafuta peke yake. Misuli nayo inaliwa. Ukiingia na misuli dhaifu utatoka nayo dhaifu zaidi. Nimeona watu waliopungua sana lakini ngazi bado zinawashinda, na inaniuma, kwa sababu maandalizi yake yangefanyika sebuleni.

Basi kiti. Chukua cha mbao, kile cha mezani, kisukume mpaka mgongo wake uguse ukuta. Cha plastiki sikitaki: kwenye vigae kinateleza, na miguu yake hutanuka mtu mzito akikaa. Kaa ukingoni, rudisha nyayo nyuma ya magoti kidogo, inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Wengi hujaribu kunyanyuka wima, wanakwama, wanadhani miguu imeisha nguvu, kumbe hawajainama. Toa pumzi unaposimama, maana kubana pumzi kunapandisha presha. Ukishuka, hesabu moja mpaka tatu. Paja hufanya kazi kubwa kwenye kule kushuka, kwa hiyo usijitupe. Goti likiuma, weka mto mgumu kitini ili usishuke sana.

Anza na mara 5, pumzika, rudia raundi 2 au 3, siku 3 kwa wiki. Zikiwa nyepesi ongeza mara moja moja.

Kwa mikono, sukuma ukuta kama unayepiga pushapu ukiwa umesimama. Mgongo tumia dumu la lita 5: likijaa maji ni kilo 5, kwa hiyo anza na nusu. Shika meza kwa mkono mmoja, vuta dumu hadi ubavuni kwa mwingine.

Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza, na akitetemeka au kutoka jasho la baridi aache apime tena. Maumivu ya kifua si ya kuvumilia. Acha zoezi hapo hapo, nenda hospitali.

Wiki kama 2 kabla ya upasuaji huenda ukapewa mlo wenye wanga kidogo sana, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Siku hizo nguvu hupungua. Punguza raundi, usiache kabisa, na protini uliyopangiwa, iwe mayai, samaki au mtindi, uimalize.

Zoezi la mwisho ninalofundisha ni la kitandani. Geuka kwa ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono mpaka ukae, bila kukaza tumbo. Mama mmoja alilirudia kila asubuhi kwa mwezi mzima. Siku ya upasuaji, jioni, nesi alipokuja kumwambia atembee, kwani kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni, alikuta mama ameshageuka ubavu, mkono uko tayari kwenye godoro.