Ushawishi wa kampuni kuhusu gridi ya umeme Ulaya: nini cha kuuliza, na pa kuulizia

Tangu umeme ulipokatika Uhispania na Ureno tarehe 28 Aprili 2025, na hasa baada ya Tume ya Ulaya kutoa mapendekezo yake ya gridi, yaani mtandao wa njia za umeme, tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, dawati letu hapa Brussels limekuwa likipokea barua za aina moja kutoka kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Zinaanza na bili na kuishia na tuhuma kwamba kampuni za umeme zimewanunua wabunge. Makala haya yanajibu tuhuma. Bili nitaigusa kidogo tu, maana si kazi yetu, ingawa najua hata nikisema hivyo barua zitaendelea kuja.

Kumshawishi mtunga sera si kosa. Mkataba wa Umoja wa Ulaya wenyewe, ibara ya 11, unazitaka taasisi zifanye mazungumzo ya wazi na ya mara kwa mara na vyama vya uwakilishi na asasi za kiraia, na chama cha watengeneza nyaya ni chama kama chama cha wapangaji. Kinachokatazwa ni rushwa, nayo ni jinai yenye polisi na waendesha mashtaka wake. Mwenye ushahidi wa bahasha aupeleke huko. Sisi hatuna pingu.

Kinachozivuta kampuni zote hizo kwenye suala la nguzo na transfoma ni fedha. Mwaka 2023 Tume ilikadiria kwamba gridi za Ulaya zinahitaji uwekezaji wa yuro bilioni 584 hadi kufikia 2030, na kwamba takriban asilimia 40 ya mitandao ya usambazaji ina umri wa zaidi ya miaka 40. Sehemu kubwa ya fedha hizo hurudishwa na mtumiaji kupitia tozo ya mtandao wa umeme. Ukienda kwenye mikutano ya Brussels utamkuta kila mmoja anataka "gridi ya kisasa": Eurelectric kwa niaba ya sekta ya umeme, WindEurope kwa niaba ya upepo, SolarPower Europe kwa niaba ya jua, Europacable kwa niaba ya watengeneza nyaya. Neno ni moja, lakini kila mdomo unalitafuna kivyake.

Mgawanyiko ambao watu wengi hawauoni ni huu: kujenga njia mpya, au kuzifanya njia zilizopo zibebe zaidi. Waya wa umeme ukipata joto hurefuka na kulegea kuelekea ardhini, kwa hiyo kiwango cha umeme unachoruhusiwa kubeba huwekwa kwa kudhania hali mbaya: jua kali, hakuna upepo. Siku ya baridi yenye upepo waya huohuo ungeweza kubeba zaidi, ila mwendeshaji asiyeupima hawezi kujua. Elia, anayeendesha njia kuu za umeme hapa Ubelgiji, ana vihisi kwenye baadhi ya njia zake vinavyofuatilia jambo hili saa kwa saa. Ni kifaa kidogo kinachoning'inia kwenye waya, bei yake haifikii hata robo ya robo ya gharama ya njia mpya.

Sasa fikiria unalipwaje. Katika nchi nyingi za Ulaya kampuni ya mtandao wa umeme huruhusiwa kupata faida kwa asilimia fulani ya mtaji iliouweka. Ukijenga njia ya mamia ya mamilioni, faida huhesabiwa juu ya mamia ya mamilioni. Ukining'iniza vihisi, huna cha kuhesabia. Hakuna haja ya mtu kuwa mwovu ili barua yake kwa Tume ielemee upande wa saruji na chuma. ACER, wakala wa wadhibiti wa nishati wenye makao Ljubljana, wamelieleza tatizo hili mara kadhaa. Wauzaji wa vihisi na teknolojia za aina hiyo nao wana chama chao hapa Brussels, currENT, kinachoshawishi kwa upande mwingine. Hao pia wana bidhaa ya kuuza, msije mkawageuza malaika.

Na si kampuni peke yake. Ujerumani kuna SuedLink, njia ya takriban kilomita 700 ya kuleta umeme wa upepo kutoka kaskazini hadi kusini. Wakazi, Bavaria hasa, walipinga nguzo ndefu kupita karibu na vijiji vyao, na mwaka 2015 sheria ikabadilishwa ili njia za namna hiyo zipewe kipaumbele cha kupita chini ya ardhi. Kuchimba ni ghali kuliko kusimamisha nguzo, na gharama hiyo inalipwa na watumiaji, wakiwemo wale waliobeba mabango. Huo nao ulikuwa ushawishi, tena uliofanikiwa. Ninautaja kwa sababu msomaji mmoja aliniandikia kwamba "wananchi hawajawahi kushinda".

Baada ya giza la Aprili 2025 ushawishi ulionekana waziwazi. Wataalamu walioteuliwa na ENTSO-E, mtandao wa waendeshaji wa njia kuu, walieleza kwamba volteji ilipanda kupita kiasi na mitambo ikajizima mmoja baada ya mwingine. Ripoti yao ya awali ilitoka Oktoba. Lakini kufikia Mei tayari wa nyuklia walikuwa wakilaumu jua, wa jua wakilaumu waendeshaji, na wa nyaya wakisema Uhispania haijaunganishwa vya kutosha na Ufaransa. Hoja ya mwisho ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, mwenye duka la miavuli akikuambia mvua inakuja, tazama mawingu mwenyewe kabla ya kununua.

Mahali pa kutazama ni kwenye mbinu za kukokotoa njia zipi za umeme zinahitajika, na hapo ndipo barua za umma huwa chache kuliko zote. Kwa miaka mingi ENTSO-E ndiyo imekuwa ikiandaa mpango wa miaka 10 wa gridi, unaotolewa kila baada ya miaka miwili, na miradi inayopewa hadhi ya maslahi ya pamoja ya Ulaya huchaguliwa humo. Wanachama wake ndio wajenzi wa njia hizo. Mfumo huo uko kisheria, si njama. Mapendekezo ya Desemba 2025 yanataka Tume ichore yenyewe dira kuu ambayo mipango itaifuata, pamoja na kufupisha muda wa vibali. Mapendekezo hayo hayawi sheria mpaka yapite Bungeni na kwenye Baraza la mawaziri wa nchi wanachama, na njiani yatafanyiwa marekebisho.

Marekebisho hayo yana sura yake. Ni ukurasa wenye safu mbili: kushoto maneno ya Tume, kulia maneno yanayopendekezwa, yaliyobadilishwa yakiwa yamekolezwa wino. Kampuni na vyama huwatumia wabunge kurasa za muundo huohuo, tayari kwa kunakiliwa. Nimeziona ambazo tofauti nzima ni kitenzi kimoja: kushoto waendeshaji "watatathmini" teknolojia za kuongeza uwezo wa njia zilizopo, kulia "wanaweza kutathmini". Hakuna chakula cha jioni wala bahasha hapo. Anayesubiri bahasha ataukosa ukurasa huo.

Nije kwenye Rejista ya Uwazi, orodha ya wanaoshawishi taasisi za Ulaya, maana upotoshaji ni mwingi. Rejista si leseni. Haiuzwi, kujisajili ni bure, na jina kuwemo humo hakumaanishi kwamba taasisi za Ulaya zimemthibitisha mtu. Ilianza kama rejista ya pamoja ya Tume na Bunge mwaka 2011, na Baraza likaingia kwa makubaliano ya tarehe 20 Mei 2021. Ni makubaliano kati ya taasisi. Haiwafungi wananchi na kampuni kama sheria inavyowafunga. Nguvu yake inatokana na masharti: asiyesajiliwa hakutani na kamishna, na hapewi beji ya mshawishi ya kuingilia Bungeni.

Aliyesajiliwa hutaja wateja wake, sheria anazozifuatilia, na makadirio ya gharama zake za ushawishi kwa mwaka, kwa makundi kama yuro 100,000 hadi 199,999. Taarifa hizo huhuishwa kila mwaka. Ukizisoma, usiishie kwenye jina la kampuni. Kampuni moja inaweza kuwa na ofisi yake Brussels, ikawa kwenye chama cha taifa, kikawa kwenye chama cha Ulaya, ikaajiri pia kampuni ya mawasiliano. Sauti ni moja kwa midomo minne, na kila mdomo una ukurasa wake.

Mikutano nayo hutangazwa. Makamishna, maofisa wa ofisi zao na wakurugenzi wakuu wamekuwa wakiichapisha tangu Desemba 2014; kuanzia 1 Januari 2025 sharti hilo limewafikia wakuu wa vitengo, ambao kwa uzoefu wangu ndio wanaoandika rasimu. Wabunge wote walibanwa na kanuni za mwaka 2023. Ukitaka kumfuatilia Kamishna wa Nishati, Dan Jørgensen, orodha iko wazi na haihitaji ruhusa ya mtu.

Malalamiko dhidi ya aliyesajiliwa yana masharti, na mengi yanayokuja kwetu yangekataliwa siku ya kwanza. Lazima utaje ni nani, utaje kanuni gani ya maadili ameivunja, uweke jina lako na anwani yako, uwe ndani ya mwaka mmoja tangu tukio, na uambatanishe ushahidi. "Kila mtu anajua" si ushahidi. Yakipokelewa, sekretarieti ya Rejista humwandikia mlalamikiwa na kumpa siku 20 za kazi ajibu. Akikutwa na kosa anaweza kuondolewa na kuzuiwa kujisajili tena kwa muda usiozidi miaka 2. Bunge linaweza pia kunyang'anya beji: mwaka 2024 liliwafutia wawakilishi wa Amazon beji 14, na mwaka 2017 liliwafungia mlango watu wa kampuni ya Monsanto. Visa hivyo havihusu umeme wala rushwa. Kampuni hizo hazikufika kwenye vikao zilivyoitwa.

Njia yenye manufaa zaidi, ambayo karibu hakuna anayeitumia, ni kuomba nyaraka za taasisi za Ulaya kwa Kanuni ya 1049/2001. Raia yeyote wa Umoja, na mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, ana haki hiyo. Narudia kwa sababu ya barua za kila wiki: anayeishi, hata kama pasipoti yake ni ya Kongo, Burundi au Tanzania. Huulizwi sababu. Taasisi ina siku 15 za kazi, na inaweza kujiongezea nyingine 15. Ukinyimwa, ukapewa nusu, au wakanyamaza, una siku 15 za kazi kuomba mapitio. Baada ya hapo utachagua kati ya Mchunguzi wa Malalamiko wa Ulaya, ndani ya miaka 2, bila gharama, na mahakama ndani ya miezi 2, ambako utahitaji wakili na moyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba kumbukumbu za kikao kutoka idara moja nikaletewa kurasa sita zilizofunikwa wino mweusi, ikiachwa tarehe na neno "kahawa". Nikaomba mapitio, kurasa nne zikafunguka.

Kuhusu bili, kwa ufupi: tozo za mtandao hupangwa na mdhibiti wa nchi au wa jimbo. Anayeishi Flanders analipa kwa kilele cha matumizi tangu 1 Januari 2023: mita hurekodi robo saa nzito kuliko zote katika mwezi, na hata usipofika kilowati 2.5 utahesabiwa 2.5. Ukiwasha oveni, mashine ya kufulia na birika kwa wakati mmoja Jumapili wageni wakiwa sebuleni, umejipandishia mwenyewe. Hilo halikupigiwa kura na mbunge yeyote wa Ulaya.

Maombi na malalamiko huandikwa kwa lugha yoyote kati ya 24 rasmi. Kiswahili hakimo, na kulalamika kwetu hakutakiingiza. Tunayo mifano ya barua kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kijerumani kwa wanaoihitaji. Jaza jina la sheria, jina la kampuni, na miezi unayotaka ichunguzwe, isizidi sita, la sivyo watakwambia ombi ni pana mno. Na tafadhali, usiambatanishe bili ya umeme.