Picha ya Herufi Si Fonti

Juma hili amenijia tena kijana wa ubunifu, hapa hapa Tanga, akiwa na picha za herufi 26 alizozichora kwa brashi, akaniomba nimwoneshe programu inayozigeuza kuwa fonti, yaani seti ya herufi za kuandikia kwenye kompyuta. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na waulizaji wengi huondoka wakidhani kwamba ninawaficha siri. Programu ya kufuatisha picha, yaani kuigeuza kuwa mistari ya kompyuta, ipo. Inkscape hufanya hivyo bila malipo na kwa dakika chache. Kinachotoka humo, hata hivyo, ni michoro 26, na michoro 26 haijawa fonti.

Kuhusu michoro yenyewe nitasema machache. Herufi o inatosheka na nukta nne za kushikilia mstari kwa nje na nne kwa ndani, zikiwekwa pale mkunjo unapofikia kilele chake, lakini ufuatishaji wa programu huijaza nukta chungu nzima kwa sababu haubagui mkunjo wa mkono na wino uliotambaa kwenye karatasi. Ni heri kuchora upya juu ya picha. Tena o ipitilize kidogo mstari wa chini na wa juu, kama vizio 10 hivi katika kimo cha vizio 1,000. Isipopitiliza itaonekana imedumaa kando ya n.

Linaloniudhi ni kwamba hakuna anayeniuliza habari za nafasi. Mchora mabango wa Ngamiani, hapa Tanga, anapoandika TANGA juu ya mlango wa duka, anajua kabla hajachovya brashi kwamba T inafuatwa na A, kwa hiyo huisogeza A mpaka kichwa chake chembamba kiingie chini ya mkono wa T, na ukuta unatulia. Herufi zake zina majirani anaowajua. Herufi ya fonti haina bahati hiyo: A ile ile leo itakaa baada ya T, kesho baada ya H, kesho kutwa baada ya W, katika maneno ambayo mimi niliyeichora sitayaona kamwe. Ndiyo maana kila herufi hupewa weupe wake wa kushoto na wa kulia, na weupe huo hunichukua siku nyingi kuliko wino. Huanza na n na o peke yake, nikiandika nnnn, kisha oooo, kisha nonno, nikipunguza na kuongeza mpaka uwazi ulio ndani ya n ulingane machoni, wala si kwa rula, na ule ulio baina ya herufi mbili. Zinazobaki hupimwa kwa hizo, na jozi korofi kama Ta, Wa na Ya hurekebishwa mwishoni.

Hapo Kiswahili kina madai yake. Ritifaa ya ng' ni sehemu ya konsonanti, lakini katika fonti nyingi imepewa weupe wa alama ya kunukuu, ndipo ng'ombe anapopasuka katikati na ng'ang'ania kuonekana kama vipande vitatu. Jozi za g na ritifaa, kisha ritifaa na irabu inayoifuata, lazima zibanwe moja moja, tena mara mbili, kwa kuwa ritifaa iliyonyooka (U+0027 katika Unicode, orodha ya alama za kompyuta) na iliyopinda (U+2019) ni alama mbili mbalimbali, na watu huandika zote mbili.

Lililonishinda kulikatia shauri ni aa. Katika maandazi, a mbili zinazofanana kabisa zinafichua kwamba hakuna mkono ulioandika. Huchora a ya pili na kuweka kanuni ya kuzibadilisha zinapokutana, ila bado sina hakika kama huko ni kuuheshimu mkono au kuuigiza. Karatasi ya fonti yangu ya kwanza, niliyoifanya nikiwa mwanafunzi, ninayo mpaka leo: S yake imeegemea tumbo kidogo, nami kwenye kompyuta niliinyoosha nikidhani ninaitengeneza. Kila nikizitazama mbili hizo, ya karatasi ndiyo inayopumua.

Kijana nimemrudisha na n na o tu. Akiniletea neno nono lisilo na pengo wala msongamano, tutaingia kwenye a.